Hataza za Kusoma na Kutafuta: Kilichofungwa ni Kipi, Kilicho Wazi ni Kipi

Chukua kazi moja isiyo na maajabu. SACCO moja ya Masaka, Uganda, ina wanachama 3,000, madaftari yaliyopigwa taipu tangu enzi za karatasi ya kaboni, na karani mmoja. Wanataka programu ya simu: karani apige picha kitambulisho cha taifa, programu isome jina na ile namba ya NIN, imtafute mwanachama kwenye kumbukumbu, ilete ukurasa wake. Vijana wawili wenye kompyuta moja wanaimudu kazi hiyo. Halafu mmoja wao anaingia Google Patents, anaandika maneno machache ya Kiingereza kuhusu kamera, maandishi na hifadhidata, na mbele yake zinamwagika hati kwa maelfu, karibu kila moja ikieleza kazi ileile aliyoianza jana. Anafunga kompyuta na kumwambia mwenzake waachane nayo.

Amesoma mahali pasipostahili. Kichwa cha hataza, yaani hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya peke yake juu ya uvumbuzi wake, hakimfungi mtu. Wala muhtasari wake, wala michoro yenye visanduku na mishale, wala kurasa 40 za maelezo. Kinachofunga ni madai, yale mafungu yenye namba yanayokuja baada ya maelezo yote, nayo hufunga ndani ya nchi ambako hataza imetolewa tu, kwa muda ambao ada zake zinalipwa, kwa kawaida usiozidi miaka 20 tangu siku maombi yalipowasilishwa. Madai, nchi, tarehe. Mwenye kuvishika vitu hivyo vitatu anaweza kupitia hati 100 kwa siku moja na kubaki na mbili tatu za kusoma kwa makini.

Dai ni mnyororo

Tutunge dai la mfano, la namna inayopatikana sana kwenye fani hii:

"1. Njia inayotekelezwa na kompyuta, yenye: (a) kupokea picha ya hati kutoka kwenye kamera ya simu, (b) kukata eneo la picha lenye maandishi, (c) kutambua herufi na kuipa kila herufi kiwango cha uhakika, (d) pale kiwango hicho kinapokuwa chini ya kizingiti, kutengeneza maumbo mbadala ya neno, (e) kupeleka neno pamoja na mbadala zake kwenye fahirisi kama ulizo moja, na (f) kupanga majibu kwa kutumia viwango vya uhakika vilivyopatikana katika (c)."

Msomaji wa haraka anaona "picha ya hati, kutambua herufi, kutafuta" na moyo unaruka. Msomaji wa hataza anahesabu pete za mnyororo: sita. Ili programu yako iwe imevunja dai hili, sharti iwe na zote sita. Ikiwa na tano, haijalivunja. Programu ya SACCO isiyopanga majibu kwa uhakika wa herufi, kwa mfano ile inayopanga kwa alfabeti tu, imetoka nje kwenye pete ya (f), hata kama (a) mpaka (e) zinafanana kama mapacha.

Wengi hujidanganya hapa kwa upande wa pili: wanaongeza kitu. Wanasema, "Sisi tunatuma pia ujumbe wa SMS, kwa hiyo ni tofauti." Kuongeza hakukutoi. Mwenye pete sita na ya saba juu yake bado ana zile sita. Kinachokutoa ni kupunguza, au kubadilisha pete moja kwa njia inayofanya kazi kweli kwa namna nyingine. Kubadilisha jina la hatua huku ukifanya jambo lilelile kwa namna ileile si kubadilisha, na mahakama za nchi kadhaa zina kanuni ya usawa, inayotosha kumnasa mjanja wa aina hiyo.

Kutokana na hilo unapata kipimo cha harakaharaka: dai refu ni jembamba, dai fupi ni pana. Dai la mistari 25 lenye vizingiti na hesabu linaweza kukwepwa na karibu kila mtu. Dai la mistari minne linatisha, lakini pia ndilo rahisi kufutwa mahakamani, kwa sababu jambo lililoelezwa kwa upana hivyo mara nyingi lilikwisha fanywa na mtu mwingine zamani. Na usisome madai yote 20 kwa uzito mmoja. Yanayoanza na "Njia ya dai la 1, ambapo..." ni matawi: kama hujavunja la 1, huwezi kuvunja tawi lake. Tafuta yale yanayosimama yenyewe. Kwenye hataza za programu mara nyingi huwa matatu: moja la njia, moja la mfumo, moja la kifaa kilichohifadhi maagizo, nayo husema karibu kitu kilekile kwa nguo tatu.

Wazo lenyewe ni la kale

Kuna anayedhani kompyuta kusoma karatasi na kukutafutia hati ni mambo ya juzi. Mnamo Desemba 1931 Emanuel Goldberg, mzaliwa wa Moscow aliyeongoza kiwanda cha kamera cha Zeiss Ikon kule Dresden, alipewa hataza ya Marekani namba 1,838,389. Mashine yake ilipitisha filamu ndogo zenye picha za hati, kila hati ikiwa na alama zake pembeni. Mtafutaji aliweka kadi yenye matundu, ndilo lililokuwa ulizo lake. Mwanga ulipita kwenye filamu na kadi kuelekea kwenye seli ya mwanga, na alama zilipolandana na matundu, seli ilihisi na mashine ikajulisha kwamba hati imepatikana. Ulizo la mtumiaji na utambuzi kwa mwanga, katika kisanduku kimoja, kabla ya kompyuta kuwako.

Gustav Tauschek wa Austria naye alipata hataza ya mashine ya kusoma Ujerumani mwaka 1929 na ya Marekani mwaka 1935: gurudumu lenye matundu ya umbo la herufi lilizunguka mbele ya maandishi mpaka umbo likalandana. David Shepard akapewa yake, namba 2,663,758, mwaka 1953, kwa chombo cha kusoma maandishi ya taipu. Zote zimekwisha muda siku nyingi. Hakuna awezaye leo kumiliki "kusoma maandishi kwa mashine", wala "kutafuta hati kwa mashine". Anachoweza kumiliki ni namna fulani mpya ya kufanya kipande fulani, ndiyo maana madai ya sasa yamejaa vizingiti na masharti.

Upande wa kutafuta, hataza inayojulikana kuliko zote ni ya PageRank, njia ya Google ya kupanga kurasa za wavuti, namba 6,285,999. Maombi yaliingia Januari 1998, hataza ikatolewa Septemba 4, 2001. Mvumbuzi ni Larry Page, lakini mwenye hataza hakuwa Google. Alikuwa Chuo Kikuu cha Stanford, kilichoikodisha kwa Google kwa malipo ya hisa milioni 1.8, kikaziuza mwaka 2005 kwa dola milioni 336. Hataza hiyo nayo imekwisha muda tangu Januari 2018. Anayetaka kupanga kumbukumbu kwa kuhesabu nani anamtaja nani, maelezo yote yako pale, bure, yameandikwa kwa undani ambao kitabu cha darasani hakiutoi. Hiyo ndiyo bei ambayo serikali humtoza mvumbuzi: upewe ulinzi, lakini ufundishe. Bahati mbaya ni kwamba watu wengi huiogopa nusu ya kwanza na hawaitumii ya pili.

Majina ya Marekani, majina ya kwetu

Aprili 2, 1918, Robert C. Russell wa Pittsburgh alipewa hataza namba 1,261,167 ya kupanga majina kwa sauti badala ya tahajia. Toleo la kisasa la njia yake linaitwa Soundex, na limo ndani ya hifadhidata nyingi zinazotumika Kampala leo, wengine wakilitumia bila kujua. Unabakiza herufi ya kwanza, unatupa irabu pamoja na H, W na Y, konsonanti zilizobaki unazipa namba: B, F, P, V ni 1, C, G, J, K, Q, S, X, Z ni 2, D, T ni 3, L ni 4, M, N ni 5, R ni 6. Namba moja ikijirudia papo hapo inahesabiwa mara moja. Unakomea kwenye tarakimu tatu, zikipungua unajaza sifuri.

Tujaribu. Ssemakula: S ya pili inamezwa na ya kwanza, M ni 5, K ni 2, L ni 4, tunapata S524. Semakula, S524. Vizuri, Soundex imeelewa kwamba S mbili za Kiganda na S moja ya karani aliyechoka ni mtu yuleyule. Okello na Okelo, zote O240. Vizuri tena.

Sasa Kirabo: K610. Mtu akiandika Kilabo: K410. Wamekuwa watu wawili. Russell aliweka L na R mbali kwa sababu kwa masikio ya Kiingereza ziko mbali, lakini katika Luganda ni sauti moja yenye sura mbili: R huandikwa baada ya E na I, kwingine huandikwa L, na wanaoandika kwa kusikia huzichanganya kila siku. Kyomuhendo ni K553, lakini akiandikwa Chomuhendo na mtu asiyejua tahajia ya magharibi mwa Uganda anakuwa C553, na kwa kuwa herufi ya kwanza haiguswi, hawa wawili hawatakutana milele.

Basi programu ya SACCO haitaponea kwa Soundex. Inahitaji kupima umbali wa maneno, njia ambayo Vladimir Levenshtein aliieleza mwaka 1965: hesabu ni herufi ngapi zibadilishwe, ziongezwe au ziondolewe ili neno moja liwe lingine. Kirabo na Kilabo, moja. Lakini Kirabo na Kirabe pia ni moja, na hapo ndipo kila badiliko linapopaswa kupewa bei yake. R kwa L iwe rahisi, tuseme 0.2. KY kwa CH mwanzoni, 0.3. Konsonanti mbili kuwa moja, 0.1. O kwa E, 1 kamili. Majibu yenye jumla ya chini ya 0.5 yaonyeshwe kwanza, yale ya mpaka 1 yafuate chini yake. Namba hizi ni za kuanzia. Zirekebishwe kwa kuangalia majina 200 yaliyomo kwenye daftari lenyewe.

Kosa la sikio na kosa la jicho

Jambo linalosahaulika kwenye programu nyingi za kusoma na kutafuta ni kwamba binadamu na kompyuta hawakosei kwa namna moja. Karani hukosea kwa sikio: L na R, KY na CH. OCR, yaani programu ya kusoma herufi kutoka kwenye picha, hukosea kwa umbo: 0 na O, 1 na I na l, 5 na S, 8 na B, na M ikipasuka kuwa R na N. Ukitumia jedwali moja la bei kwa yote mawili, litakuwa kali kwa mmoja na legevu kwa mwingine. Yawe mawili: jedwali la sikio kwa neno lililochapwa kwa vidole, jedwali la jicho kwa neno lililotoka kwenye picha.

Hapa lugha zetu zina zawadi. Namutebi akisomwa "Narnutebi", Mwingereza hawezi kuwa na uhakika kwamba "rn" ni kosa, kwa sababu ana maneno mengi yenye R na N zikifuatana. Katika Luganda, R haifuatwi na N moja kwa moja kamwe. Silabi huishia kwenye irabu. Kanuni ya mstari mmoja, "rn" igeuzwe "m", inasafisha kosa hilo kwenye majina ya Kiganda bila kuuliza mtu. Kwa majina ya Kiingereza kanuni hiyohiyo itamharibu Ernest na Bernard, kwa hiyo itumike kwenye uga wa jina la ukoo, si la ubatizo.

Uzito wa makosa haya unaonekana ukipiga hesabu. Programu inayosifiwa kusoma herufi kwa usahihi wa asilimia 99 inakosea herufi 20 kwenye ukurasa wa herufi 2,000. Si nyingi kwa anayesoma barua. Lakini NIN ina herufi na tarakimu 14, na uwezekano wa zote kuwa sahihi ni 0.99 ikijizidisha mara 14, yaani takriban 0.87. Vitambulisho 13 katika kila 100 vitasomwa vibaya. Usahihi ukishuka kuwa asilimia 98, ni 25 katika 100. Mtu wa nne kwenye foleni anaambiwa si mwanachama.

Dawa ni kutumia umbo la namba yenyewe. NIN ya raia huanza na C, ya pili ni M au F, kisha tarakimu mbili za mwaka wa kuzaliwa. Kwa hiyo kwenye nafasi ya tatu na ya nne O yoyote ni 0, I yoyote ni 1, S yoyote ni 5, bila mjadala. Kwa pasipoti kuna ulinzi zaidi: mistari miwili ya chini, kila mmoja wenye nafasi 44, imechapwa kwa mwandiko wa OCR-B uliobuniwa kwa ajili ya mashine, na baadhi ya sehemu zake zina tarakimu ya uhakiki. Inapatikana kwa kuzidisha kila nafasi kwa 7, 3, 1 zikizunguka, kujumlisha, na kuchukua tarakimu ya mwisho. Tarehe 850417 inatoa 56 + 15 + 0 + 28 + 3 + 7, jumla 109, tarakimu ya uhakiki 9. OCR ikisoma 8 kuwa 3, jumla inakuwa 74, tarakimu 4, na kosa limeumbuka.

Lakini usiiamini hadi mwisho. Katika hesabu hiyo A ni 10, B ni 11, na kuendelea. G inaangukia 16. Tofauti ya G na 6 ni kumi kamili, na kumi ukiizidisha kwa 7, 3 au 1 haibadilishi tarakimu ya mwisho. Namba ya pasipoti yenye G iliyosomwa 6 itapita uhakiki ikitabasamu. O na 0, B na 8, S na 5, Z na 2, zote hukamatwa. G na 6 hazikamatwi, na kwa jicho la kamera ni ndugu wa karibu.

Kwenye picha yenyewe, mambo matatu huharibu kuliko mengine yote. La kwanza ni ukubwa. Kitambulisho kina upana wa milimita 85.6. Ili herufi ya kimo cha milimita 2 iwe na pikseli 30 hivi, ambazo programu kama Tesseract huzifurahia, kadi yenyewe ichukue takriban pikseli 1,300 za upana wa picha. Karani anayepiga picha akiwa amesimama, kadi ikiwa mezani katikati ya bahari ya kitambaa, hapati hizo. La pili ni mng'ao wa plastiki: zima flashi, inamisha simu kidogo, sogea dirishani. La tatu ni kivuli. Njia ya Nobuyuki Otsu ya mwaka 1979 huchagua kiwango kimoja cha kutenganisha nyeusi na nyeupe kwa picha nzima, na kivuli cha mkono kikilala upande mmoja, upande huo wote unageuka wino. Tumia kizingiti kinachohesabiwa eneo kwa eneo.

Ukitumia Tesseract kusoma NIN peke yake, kata ule mstari, tumia `--psm 7` ili ijue ni mstari mmoja, na weka orodha ya herufi zinazoruhusiwa kwa `tessedit_char_whitelist`. Kwa majina zima kamusi zake, `load_system_dawg` na `load_freq_dawg` ziwe 0, maana kamusi ya Kiingereza humvuta kila Ssebaggala kuelekea neno inalolijua. Kiswahili kina mafunzo yake, `swa`, na hufaa kwa maandishi ya mfululizo, lakini usitegemee kitasoma ŋ ya Luganda. Neno kama "eŋŋano" litarudi limepoteza mikia.

Kwa risiti za EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya kodi ya Uganda, usijisumbue na OCR. Karatasi za joto hufifia, na msimbo wa QR upo palepale.

Na kwa ramani na hati za viwanja kuna hatari isiyo ya OCR kabisa. Mwaka 2013 Mjerumani David Kriesel alionyesha kwamba baadhi ya mashine za Xerox zilikuwa zikibadilisha tarakimu wakati wa kuskani: chumba cha mita za mraba 21.11 kilitoka kwenye nakala kikiwa 14.13, kimechapwa safi kabisa. Sababu ilikuwa ufinyazaji wa faili uliokuwa ukitafuta vipande vya picha vinavyofanana na kuweka kimoja mahali pa kingine. Kwa mwenye hati ya mailo, umiliki wa ardhi wa Buganda, inayotaja namba ya bloku na ya kiwanja, 6 ikigeuka 8 amehamia kwa jirani. Ukipeleka nyaraka kuskaniwa Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, au popote, omba faili isiyofinyazwa kwa njia hiyo, TIFF au PNG, dpi 300 kwa uchache. Karatasi ya A4 iliyoskaniwa hivyo ina pikseli 2,480 kwa 3,508. Faili ikija na pungufu, haikuskaniwa kwa 300.

Mahakama zinasemaje

Mwaka 2014 ulibadilisha hali ya hewa. Juni 19 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani, katika kesi ya Alice dhidi ya CLS Bank, ilisema kuchukua wazo la dhahania na kuongeza "fanya kwa kompyuta" hakuzai uvumbuzi. Desemba mwaka huohuo ikaja kesi inayotuhusu moja kwa moja: Content Extraction dhidi ya benki ya Wells Fargo. Hataza zilizogombewa zilidai kupokea hati kupitia skana, kutambua taarifa fulani ndani yake, na kuzihifadhi kwenye kumbukumbu. Mahakama ya rufaa ikathibitisha kufutwa kwake: kukusanya data, kutambua zile zinazohitajika na kuzihifadhi ni kazi ambayo watu wamekuwa wakiifanya siku zote, na skana ya kawaida haiifanyi kuwa mpya.

Kwa hiyo lile rundo lililomtisha kijana wetu si la kutisha kama lilivyoonekana. Hati nyingi za kabla ya 2014 zenye madai mapana ya "soma, tambua, hifadhi, tafuta" zingepata shida zikipelekwa mahakamani leo. Zinazosimama ni zile zinazotatua tatizo la kiufundi kwa njia ya kiufundi: namna ya kunyoosha picha iliyopinda, namna ya kupunguza hesabu zinazofanywa na simu dhaifu. Ulaya nako mkataba wao unakataa programu za kompyuta "kama zilivyo", lakini hukubali zikileta manufaa ya kiufundi.

Je, imefika Uganda?

Hataza ya Marekani haina nguvu Kampala. Ina nguvu pale utakapouza huduma yako kwa wateja wa Marekani, kwa hiyo swali hurudi siku biashara inapovuka maji. Kwa SACCO ya Masaka, la kuuliza ni kama hataza hiyo imefika hapa, na kuna njia mbili tu: kuwasilishwa moja kwa moja URSB, ofisi ya usajili ya Uganda, au kupitia ARIPO, shirika la kikanda lenye makao Harare, mwombaji akiitaja Uganda kati ya nchi anazozitaka. Hati za ARIPO huanza na AP. Kwenye ukurasa wa kwanza tafuta herufi UG katika orodha ya nchi. Kama hazimo, hataza hiyo haikufika kwa njia hiyo.

Kosa linaloongoza ni kuziogopa hati za WO. WO si hataza. Ni maombi ya kimataifa yaliyochapishwa, na hakuna hataza ya dunia nzima. Mwombaji ana miezi 30 hivi tangu tarehe yake ya kwanza, 31 kwa ARIPO, kuingia nchi kwa nchi na kulipa, na wengi hawaji huku. Vivyo hivyo herufi baada ya namba zina maana: A kwa kawaida ni maombi yaliyochapishwa, B ni hataza iliyotolewa. Madai ya A ni ndoto ya mwombaji. Ya B ni yale aliyobaki nayo baada ya mkaguzi kuyapunguza. Espacenet na Patentscope, tovuti za kutafutia hataza, zote ni bure, na Espacenet mara nyingi huonyesha pia kama ada zimelipwa. Kwa Marekani ada za kudumisha huja baada ya miaka 3.5, 7.5 na 11.5, na ni hapo ambapo hataza nyingi huachwa zife kimyakimya.

Ukitafuta, maneno peke yake hayatoshi, maana mawakili huandika "chombo cha kupata taswira" wakimaanisha kamera. Tumia misimbo ya mgawanyo: G06V 30 kwa utambuzi wa herufi, G06F 16 kwa utafutaji wa taarifa, na G06K 9 kwa hati za zamani, kwa kuwa G06V ilianza 2022. Weka misimbo miwili pamoja na orodha ya maelfu inakuwa ya mamia.

Sheria ya Mali ya Viwanda ya Uganda ya mwaka 2014 haikubali kanuni za hesabu wala mipango na mbinu za kufanya biashara kuwa uvumbuzi, na Itifaki ya Harare, mkataba wa hataza wa ARIPO, inataja waziwazi programu za kompyuta kati ya visivyo uvumbuzi, kama programu tupu. Programu yenyewe, maandishi yake, inalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya 2006. Hakimiliki inakataza kunakili msimbo, haikatazi kuandika mwingine unaofanya kazi ileile.

Programu huria nazo zina fungu linalohusu hataza. Tesseract, iliyoanzia HP mwaka 1985 na kufunguliwa 2005, iko chini ya leseni ya Apache 2.0. Leseni hiyo hukupa pia ruhusa ya hataza za waliochangia, kwa kile walichochangia, na hukunyang'anya ukimshtaki mtu ukidai Tesseract imevunja hataza yako. Leseni fupi kama ya MIT haina fungu la hataza kabisa. Ukiwa na chaguo mbili zinazolingana, hiyo ni sababu ya kuchagua.

Kwa kweli kinachoweza kuwafikisha vijana wale mbele ya sheria haraka kuliko hataza yoyote ni Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Picha za vitambulisho vya watu 3,000 zimelala kwenye simu ya karani? Soma NIN, hakiki, kisha ifute picha.

Ukiwa na jambo jipya

Tuseme majedwali yale mawili, la sikio na la jicho, yameunganishwa kwa namna ambayo haijawahi kuonekana na inaifanya simu ndogo itafute haraka zaidi. Kabla ya kuonyesha watu, amua. Ulaya haimsamehi mvumbuzi aliyejitangaza mwenyewe kabla ya kuwasilisha maombi. Marekani humpa mwaka mmoja. Onyesho moja kwenye mkutano wa wabunifu, au video moja ya TikTok, inatosha kuufunga mlango wa Ulaya. Ukishawasilisha kwa mara ya kwanza, URSB kwa mfano, una miezi 12 ya kuomba kwingine ukihesabiwa kwa tarehe ileile ya kwanza.

Usidai jedwali lenyewe, maana hilo ni hesabu tupu. Dai kinachotokea kwenye kifaa: fahirisi inapangwaje, kumbukumbu inaokolewaje, ulizo linapita hatua zipi na ngapi. Katika maelezo weka vizingiti halisi ulivyotumia, 0.2 na 0.5 na vinginevyo, pamoja na masafa ambayo njia bado inafanya kazi. Mkaguzi akikuta madai yako ni mapana mno, utalazimika kuyabana kwa kutumia kilichomo kwenye maelezo ya siku ya kwanza tu, na namba ambayo hukuiandika siku ile huruhusiwi kuiongeza.

Kama thamani yote iko ndani ya zile bei, zilizopatikana kwa miezi ya kusahihisha majina, pengine hataza siyo chombo chake. Hataza huchapishwa kwa kawaida miezi 18 baada ya maombi, na kila mtu atazisoma. Uganda ina Sheria ya Kulinda Siri za Biashara ya mwaka 2009, nayo haikudai uchapishe chochote. Ila uwe umeitunza kweli kama siri: faili ikae kwenye seva badala ya ndani ya programu ya simu, na kila anayeigusa awe ametia saini.